Daftari Lililoponya: Somo la Kifua Kikuu kwa Watumishi wa Umma

Tumezoea kuamini kwamba maarifa ya tiba huzaliwa Ulaya na Marekani, nasi kazi yetu ni kuyapokea. Historia ya kifua kikuu inaisahihisha imani hiyo, nami huwarejesha wanafunzi wangu kwenye historia hii kila wanaponiambia kwamba nchi maskini haina la kuifundisha dunia.

Tarehe 24 Machi 1882, jijini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amekitambua kimelea kinachosababisha ugonjwa huo. Tangu hapo uliweza kutambuliwa bila mitambo ya gharama kubwa: makohozi yaliyotiwa rangi juu ya kipande cha kioo, hadubini, na jicho lililofunzwa. Dawa zilipopatikana katika miaka ya 1940 na 1950, wengi walitarajia kwamba ugonjwa ungetoweka. Haukutoweka. Mgonjwa alipata nafuu baada ya majuma machache, akajiona amepona, akarudi shambani. Ilhali dawa zilipaswa kutumiwa kwa mwaka mzima au zaidi. Aliyeziacha njiani aliweza kuugua upya, pengine kwa vimelea vilivyokwisha kuwa sugu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, majaribio yaliyofanyika Afrika Mashariki kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza yalionyesha kwamba mseto wenye rifampisini ungeweza kuufupisha muda huo hadi miezi 6. Lilibaki swali la utawala: nani atamfuatilia mgonjwa hadi kijijini?

Jibu lilitoka Tanzania. Mwaka 1977 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, ikishauriwa na Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu baada ya kufungwa katika kambi ya Wanazi ya Mauthausen. Badala ya kujenga hospitali za pekee, mpango uliingizwa katika mtandao wa zahanati na vituo vya afya uliokuwa ukipanuliwa baada ya Azimio la Arusha. Kila wilaya ikawa na mratibu na daftari. Kila jina lililoandikwa lilidai jibu: amepona, amefariki, amehama, au ameacha dawa? Hakuna aliyeruhusiwa kupotea kimyakimya. Daftari lilimhoji mgonjwa, lakini lilimhoji mtumishi wa umma zaidi.

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kifua kikuu kuwa dharura ya dunia, na mkakati lililoueneza baadaye, uitwao DOTS, ulijengwa kwa sehemu kubwa juu ya mfano huo wa Tanzania.

Hata hivyo tusiugeuze mfano huo kuwa ngano. UKIMWI uliongeza wagonjwa na kuufichua udhaifu wa hadubini, ambayo mara nyingi haikioni kimelea katika makohozi ya watoto na ya wenye kinga dhaifu. Thiasetazoni, dawa iliyopendwa kwa bei yake nafuu, iliwadhuru vibaya baadhi ya wenye virusi, ikabidi iachwe. Aidha, dawa bora zilinunuliwa kwa fedha za wafadhili wa Ulaya.

Hapo ndipo historia inapogusa siku zetu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, huduma za kifua kikuu zilitikisika katika nchi nyingi za Afrika. Tulikuwa tumejenga maarifa yetu wenyewe juu ya mfuko wa mwenzetu. Mashine mpya za vipimo zinafaa, nami sizibezi; lakini mashine humtambua mgonjwa, haimfuati nyumbani anapokosa nauli ya kurudi kliniki. Kumfuata ni kazi ya dola, na dola hujulikana kwa bajeti yake.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma, unapoliona daftari la wilaya limejaa mapengo, usiseme ni karatasi tu. Kila pengo ni mwananchi ambaye hatujui yuko wapi, naye huenda bado anakohoa.