Jina la Mtemi, Kazi ya Nsumba Ntale

Katika kozi zetu za utawala, somo la mgawanyo wa madaraka huanza na Montesquieu mwaka 1748 na kuishia kwenye Ibara ya 4 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Katikati hapo hakuna Msukuma hata mmoja. Mwanafunzi anayepandia daladala Igoma kila asubuhi anaweza kuhitimu shahada yake bila kuambiwa kwamba mwendo mfupi kutoka kituoni hapo, kwa barabara ya Musoma, pale Bujora, Kisesa, kuna makumbusho ya jamii iliyolijadili suala hilo kwa vitendo kabla ya kulisoma kwa Kifaransa. Wanaofika Bujora hupiga picha kwenye banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, humo ndani wakaonyeshwa viti na ngoma za watemi. Huondoka wakiamini wameiona serikali ya Wasukuma, kumbe wameiona nusu yake. Nusu ya pili haikuacha kiti.

Mtemi alitawala kwa kuchaguliwa na kushauriwa na banang'oma, na mvua ikikataa kunyesha miaka mfululizo, kiti chake kilitikisika. Hilo linafahamika. Lisilosemwa sana ni hali ya kijiji, yaani gunguli. Kijijini palikuwa na wakubwa wawili wenye asili tofauti. Ng'wanangwa alitoka juu: alikuwa mtu wa mtemi, aliyegawa ardhi na kupokea kilicho cha mtemi. Nsumba ntale alitoka chini: alichaguliwa na wanakijiji, akawaongoza vijana katika kazi za shamba za pamoja na katika shughuli za kijiji, na alikuwa na uwezo wa kumtoza faini mkazi aliyekwepa kazi za wenzake. Pembeni walikaa banamhala, wazee wenye neno katika mashauri. Ng'wanangwa aliyemnyanyasa mkazi alijua kwamba nguvu kazi ya gunguli haikuwa mkononi mwake. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni, aliyaandika haya kwa kirefu mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati mfumo wenyewe ulikuwa umeshapinda.

Ulipindishwa na sheria. Utawala wa Kiingereza, kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, ulihitaji mtu wa kukusanya kodi, kuendesha baraza la mashauri na kutekeleza amri za bwana shauri. Ukamtambua mtemi, ukamtambua ng'wanangwa, ukawapa mishahara. Nsumba ntale hakuwa na faida kwenye daftari la kodi, hivyo aliachwa kuwa jambo la mila. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha 1996 kuhusu raia na mtawaliwa, anaeleza jinsi ukoloni ulivyokusanya kutunga amri, kuhukumu na kuadhibu mkononi mwa chifu mmoja. Usukuma ni mfano mzuri wa hoja hiyo, ila ningeongeza jambo moja: kukusanya madaraka kuliwezekana kwa sababu yule aliyeyashikilia upande wa pili alinyimwa utambuzi tu. Hakupigwa vita na hakufukuzwa. Basi uchifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, taifa changa lilikuwa linafuta chombo kilichokwisha kubadilishwa, na wengi wetu tukadhani tumeifuta historia yote.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kijijini. Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, watu wakahamishiwa vijiji vipya katikati ya muongo huo, na mifugo ikawa inaibwa kwa wingi. Dola ilijaribu kujibu kwa nguvu. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya usalama viliwakamata washukiwa wa wizi wa mifugo na mauaji, na baadhi yao walikufa wakiwa mahabusu. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa ajili ya kashfa hiyo. Kitendo chake husimuliwa kama kielelezo cha uwajibikaji, na ni sawa. Lakini mfugaji wa Usukuma alipata somo jingine: polisi wakiwa wakali wanaua, wakiwa wapole ng'ombe haonekani. Kisha ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake silaha zikazagaa.

Hapo ndipo, mnamo 1981 na 1982, kwenye mpaka wa Usukuma na Unyamwezi, ulipozuka udugu wa kiapo uliojiita Basalama, watu wa amani. Wengi waliujua kwa jina la Sungusungu, wale siafu weusi wanaong'ata. Uliingiwa kwa kiapo na dawa, silaha yake ikawa upinde na mishale, sauti yake filimbi na mwano, ule ukelele wa kuomba msaada ambao kuusikia na kukaa kimya ni kosa. Mwano ukipigwa kijiji kimoja, nyayo za ng'ombe zilifuatwa hadi mpakani, na kijiji cha pili kikazipokea.

Na kiongozi wa udugu huo aliitwa nani? Ntemi. Miaka isiyofika ishirini tangu cheo kifutwe, wakulima walikirudisha bila kumwomba mtu ruhusa. Watu wa chama na serikali walishtuka, na nawaelewa. Ilionekana kama uchifu unarudi kwa mlango wa nyuma. Lakini tukitazama kilichokuwa ndani ya jina, kwa jinsi vikundi hivyo vilivyoelezwa na watafiti kama Ray Abrahams na Sufian Bukurura, tunamwona mtu wa aina nyingine. Hakurithi. Alikuwa mkulima mwenzao, aliyekubaliwa na wanakijiji na ambaye wangeweza kumwondoa. Hakuwa na mshahara. Wapo wanaolitoa neno ntemi kwenye kutema, kukata: ama kukata msitu, ama kukata shauri. Ntemi wa Sungusungu hakukata shauri peke yake. Kwa maoni yangu, watu walichukua jina la mtemi wakampa kazi ya nsumba ntale.

Pembeni ya ntemi alikuwapo katibu aliyeshika kalamu, na kamanda aliyeongoza vijana wa doria na ufuatiliaji. Vyeo vilitofautiana kijiji hadi kijiji, lakini mgawanyo huo wa msingi ulienea. Aliyeamuru mishale hakuwa mwandishi wa kumbukumbu. Shauri lilisikilizwa hadharani, mbele ya kusanyiko, na adhabu iliyoogopwa kuliko zote haikuwa kipigo wala faini. Ilikuwa kutengwa: hakuna wa kukusalimu, hakuna wa kukusaidia shambani wala kukuzikia. Adhabu hiyo ina tabia moja ambayo wanasheria wetu hawajaipa uzito. Ntemi hawezi kuitekeleza. Kamanda hawezi. Inatekelezwa na kila kaya, na kaya zikiona hukumu ni ya uonevu, zinaendelea kusalimia, na hukumu imekufa. Hiyo ni rufaa, ingawa haina karani wala ada.

Katika vijiji vingi, kusanyiko lilikuwa na jina lake la zamani, dagashida. Baadaye, huko Shinyanga, dagashida ndiyo ilitunga taratibu za kulinda ngitili, yale malisho yanayohifadhiwa kwa ajili ya kiangazi, na Sungusungu wakazisimamia. Watunga kanuni walikuwa upande mmoja na watekelezaji upande mwingine, bila mtu kusoma Montesquieu.

Nisieleweke kwamba napaka rangi. Udugu huu ulikuwa na mikono yenye damu. Vikundi vya mwanzo viliwaandama pia walioshukiwa uchawi, na katika Usukuma ushukiwa huo huwaangukia zaidi wanawake wazee. Washukiwa waliteswa, wengine walikufa, na wapo Sungusungu walioshtakiwa kwa mauaji. Kusanyiko linaloweza kumsamehe jirani kwa kuendelea kumsalimia ni hilohilo linaloweza kumwangamiza mjane asiye na ndugu. Rufaa niliyoisifu humfaa mwenye watu. Asiye na watu anaihitaji Ibara ya 13 ya Katiba, inayompa haki ya kusikilizwa na kukata rufaa na inayokataza mateso, na anamhitaji hakimu asiyemjua.

Kwa hiyo dola ilikuwa na sababu ya kuingilia kati. Swali langu ni iliingilia wapi. Uongozi wa juu wa nchi, Mwalimu Nyerere akiwamo, uliamua kuukubali udugu huu badala ya kuuvunja, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa wanavikundi uwezo wa kukamata unaofanana na wa askari polisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, sungusungu walihimizwa mijini. Sheria ilimtambua kamanda na vijana wake. Kusanyiko halikutambuliwa kama sehemu ya chombo hicho, wala katibu, wala utaratibu wa kumwondoa ntemi. Ni kosa la 1926 likirudiwa na watu waliolilaani: mkono ulipewa nguvu ya sheria, mwili uliokuwa ukiushikilia ukaachwa kuwa mila.

Madhara yake hayaonekani sana kijijini, ambako watu wanajuana. Yanaonekana mjini. Igoma ni kata ya wahamiaji na wapangaji. Anayegonga mlango usiku akidai mchango wa ulinzi huenda hajui jina la mwenye nyumba, na mwenye nyumba hajui jina lake. Kumtenga mtu hapo hakuna maana, kwa kuwa ataweka godoro kwenye bajaji ahamie Kishiri. Kinachobaki ni rungu, tochi na risiti, na mara nyingine risiti haipo. Kijana wa doria katika miji yetu huwajibika kwa ofisi inayomlipa na kwa kituo cha polisi, si kwa kaya anazozilinda.

Sheria Na. 8 ya 1982 ndiyo msingi wa mamlaka zetu za miji, na chini yake mtaa una mwenyekiti wa kuchaguliwa na mkutano wa wakazi. Pale ndipo mahali pekee mjini panapofanana na dagashida. Katika mikutano ya mitaa niliyopata kuhudhuria, ulinzi ulikuja mwishoni, jua likiwa linazama, ukasomwa kama taarifa: vijana wangapi, mchango kiasi gani, kaya ngapi hazijalipa. Sijasikia kamanda akiitwa kwa jina asimame aonekane. Sijasikia mkazi akiulizwa kama anataka aendelee.