Bursa ya Kikuyu: uvimbe uliowachanganya madaktari

Kutoka Karen, ukipitia Dagoretti hadi mjini Kikuyu, utaikuta hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Uskoti mwaka 1908. Enzi ambazo Karen ilikuwa bado mashamba ya kahawa, mwandishi Karen Blixen alikuwa akiwatibu majirani zake asubuhi, na waliomshinda akiwapeleka huko. Ndiko alikopona vidonda vya miguu Kamante, kijana anayesimuliwa katika kitabu chake cha 1937.

Jina la Wakikuyu limo pia katika vitabu vya tiba, ila kwa ugonjwa mwingine kabisa. "Bursa ya Kikuyu" ni jina la zamani la uvimbe mgumu unaoota kando ya nyonga, kiwiko au bega, mara nyingi tangu utotoni, na ambao aghalabu hauumi. Kiungo chenyewe huwa kizima. Chokaa hujaa nje yake. Ngozi ikipasuka, hutoka majimaji meupe mazito, mithili ya chokaa ya kupakia ukuta.

Kuubandika ugonjwa jina la kabila kulikuwa pupa. Wafaransa Giard na Duret walikwisha kuuandika mwaka 1898 na 1899, na wagonjwa wa Duret walikuwa ndugu wa familia moja. Mwaka 1943 Alberto Inclán, daktari wa Cuba, akauita kalsinosisi ya uvimbe. Ni kweli kwamba wengi walioripotiwa ni Waafrika au watu wa asili ya Afrika, lakini hata Ulaya upo.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kisu, na uvimbe ambao haukuondolewa wote ulirudi. Chanzo cha aina inayorithiwa kilijulikana juzijuzi tu: mwaka 2004 watafiti walibaini kasoro katika jeni ya GALNT3, na mwaka uliofuata katika FGF23. Kwa kasoro hizo, homoni inayoziamuru figo kutoa fosfeti hupungua nguvu, fosfeti hulundikana kwenye damu, kisha huungana na kalisi na kuganda kando ya maungo. Kalisi yenyewe mara nyingi huwa ya kawaida, kwa hiyo daktari akipima hiyo peke yake ataambulia patupu.

Siku hizi mgonjwa hupewa dawa za kuizuia fosfeti tumboni na kushauriwa apunguze vyakula vyenye fosfeti nyingi. Ushauri huo ni rahisi kuuandika kuliko kuufuata: maziwa yamo, nyama imo, na maharagwe ya githeri nayo yamo.