Kizaramo katika shule za msingi

Kizaramo katika shule za msingi ni nafasi ya lugha ya Wazaramo katika elimu na sanaa za wanafunzi wa Kisarawe, Kibaha na maeneo jirani ya Mkoa wa Pwani, Tanzania. Kizaramo ni lugha ya Kibantu, yenye alama G33 katika uainishaji wa Guthrie, na ina undugu wa karibu na Kikwere, Kikutu na Kiluguru.

Lugha hii si somo shuleni. Tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, ambacho pia ndicho lugha ya kwanza ya watoto wengi wa Kizaramo. Hali ni tofauti Uskoti, ambako Kigaeli, nacho kikiwa na wasemaji wachache, kilianza kutumika kufundishia shule za msingi za Glasgow na Inverness mwaka 1985. Watoto pia hushindana kuimba kwa lugha hiyo katika tamasha la Mòd, lililoanza Oban mwaka 1892.

Mkoani Pwani, mlango mmoja wa Kizaramo kwa watoto ni ngoma. Mdundiko, ngoma mashuhuri ya Wazaramo, huchezwa kwa maandamano, hasa katika sherehe za mwali. Kabla ya kupigwa, ngoma hupashwa moto ili ngozi ikaze na mlio utoke sawasawa. Kisha mwimbaji huanzisha wimbo na umati huitikia, watoto wakiwamo. Shuleni, ngoma za asili huchezwa na vikundi vya utamaduni, na ni miongoni mwa fani zinazoshindaniwa katika UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi nchini.