Mama Masika, aliyelea watoto waliokataliwa

Wasikilizaji wetu wa Kilibula, na ninyi jamaa mlioacha nyumba zenu na kupokelewa na watu wengine, leo tunamkumbuka mama mmoja wa jimbo letu la Kivu ya Kusini. Jina lake ni Rebecca Masika Katsuva. Wengi walimwita Mama Masika tu.

Alizaliwa mwaka 1966 kule Katana. Vita ya pili ilianza Agosti 1998, na katika vita hiyo watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake. Walimuua bwana yake. Yeye mwenyewe alibakwa, na mabinti zake wawili ambao walikuwa bado wadogo walibakwa pia. Wale mabinti walipata mimba. Alipohitaji kushikwa mkono, jamaa ya marehemu bwana yake ilimfukuza pamoja na watoto. Alibaki bila bwana, bila nyumba, na wajukuu wako njiani.

Hapo angeweza kujificha. Badala yake alianza kupokea wamama wengine waliofukuzwa kama yeye. Huko Minova, teritwari ya Kalehe, pembeni ya ziwa Kivu, alifungua nyumba ambamo mwanamke aliweza kuongea na kusikilizwa, kupelekwa hospitalini na kupata chakula. Walikodi shamba, wakalima pamoja. Kulima kulileta chakula, lakini pia kulimpa mtu sababu ya kuamka asubuhi. Fiona Lloyd-Davies, mtengenezaji filamu wa Uingereza, aliwafuata kwa miaka, na filamu yake, Seeds of Hope, ilitoka mwaka 2013.

Kazi iliyomgusa kila mtu ilikuwa malezi. Kuna wamama waliozaa watoto wa kubakwa na wakashindwa kuwatazama. Kuna wengine waliokufa. Mama Masika alichukua watoto 18 akawafanya wake, akawalea pamoja na wajukuu. Kwake mtoto hakuulizwa baba yake ni nani.

Novemba 2012, M23 ilipoteka Goma, wanajeshi wa serikali walikimbilia Minova. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya wanawake na wasichana 130 waliobakwa huko. Wengi walikimbilia kwa Mama Masika. Alipokea, akasikiliza, akasaidia wahanga kupeleka ushahidi wao mbele ya sheria. Mei 2014 korti ya kijeshi ilitoa hukumu: washitakiwa walikuwa 39, na ni wawili tu waliohukumiwa kwa kosa la ubakaji. Wengi walivunjika moyo, lakini mlango wake haukufungwa. Naye alikuwa amekwisha kushambuliwa tena kwa ajili ya kazi hiyo. Amnesty International ya Marekani ilimpa tuzo ya Ginetta Sagan mwaka 2010, na bado alirudi Minova, kwa watoto.

Alifariki tarehe 2 Februari 2016, akiwa na miaka 49. Risasi hazikumuua. Aliondolewa na ugonjwa wa ghafla.

Kwa nini tunamkumbuka hapa Uvira? Kwa sababu kazi yake tunaijua. Maji ya Mulongwe yalipobomoa nyumba Aprili 2020, na kila mara vita inaposukuma watu katika bonde la Ruzizi, kuna mama au nyanya anayelaza watoto wa wengine kwenye mkeka mmoja na wa kwake. Huyo hana mshahara wala tuzo. Na kuna pia msichana anayerudi na mimba asiyoitaka, akikuta wakubwa wa jamaa wamekaa kuamua kama atabaki ao ataondoka.

Wababa, wamama, wakwe: mtakapokaa kuamua, mkumbuke nyumba ya Minova. Huyo msichana hakufanya kosa, na mtoto wake pia hakufanya kosa. Na kama jirani yako analea watoto wasio wake, mpelekee hata kopo moja la unga leo jioni.