Eabrashi ya kwanza ya modeli za matatu: usinunue ile ya garage

Swali naulizwa sana na vijana wa Eastlands wanaotengeneza modeli za matatu: nianze na eabrashi gani, na kompresa gani? Wengi tayari wana jibu kichwani. Wanataka mashine kama ya yule jamaa anayechora matatu yenyewe pale garage. Mimi nasema hapana, na sababu yangu inaanzia kwa historia kabla ifike kwa mashine.

Kwanza, eabrashi haikuletwa duniani kwa ajili ya magari. Abner Peeler wa Iowa, Marekani, alitengeneza yake miaka ya 1870. Miaka ya 1890 Charles Burdick akatoa iliyo bora zaidi, kisha akahamia London kuitengeneza kwa biashara. Kazi yake kubwa siku hizo ilikuwa kurekebisha picha za kamera: kivuli cha shavu, ukingo wa jicho. Ni kifaa cha vitu vidogo tangu mwanzo. Sisi ndio tuliipandisha kwa basi.

Na basi zetu zina story ndefu. Jina lilitoka kwa mapeni matatu, senti thelathini za nauli. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta akaruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya usafiri, na biashara ikafura. Kufika miaka ya 1990, gari la Buruburu namba 58 bila michoro na muziki lilikuwa linasubiri abiria sana. Hizo ndizo ziliitwa manyanga. Pindua silabi Kisheng, unapata nganya.

Halafu ikaja Februari 2004. Sheria za waziri John Michuki zilileta mikanda, vidhibiti mwendo, sare za makanga na mstari wa njano ubavuni. Mikanda sina shida nayo, iliokoa watu. Lakini michoro mingi ilizikwa chini ya rangi moja, na hakuna aliyeiweka mahali kabla ya kuizika. Mwaka 2014 Uhuru Kenyatta akawaambia vijana wachore tena. Novemba 2018 msako ukarudi, watu wakakimbia kupaka mstari wa njano upya. Hata bila serikali, nganya haikai: ikizeeka inauzwa, mwenye kuinunua anapaka yake juu.

Sasa niambie, nani ana kumbukumbu? Picha za simu, ambazo simu ikiibiwa zimeenda. Na modeli. Kwangu mimi, kijana wa Umoja au Kayole anayekata kadibodi na kuchora nganya iliyokufa anafanya kazi ambayo makavazi yetu hayajafanya, na hakuna askari wa trafiki atasimamisha modeli.

Kwa hivyo nunua kwa ajili ya hiyo kazi. Sura iliyojaza mlango wa nyuma wa basi, kwa modeli ni ukubwa wa ukucha. Upepo mkali unasukuma rangi hadi inatoa miguu kama ya buibui. Tafuta eabrashi ya kitufe cha kazi mbili, ukibonyeza inatoa upepo, ukivuta nyuma inatoa rangi. Ncha ya milimita 0.3 na kikombe juu zinatosha. Fanya kazi kati ya psi 15 na 25.

Pesa nyingi weka kwa kompresa. Hapo ndipo watu hubania halafu wanalia. Iwe na tangi, hata la lita 3, kwa sababu bila tangi mota inanguruma muda wote, inapata moto, na upepo unakuja kwa mapigo. Iwe na kipimo cha kurekebisha presha na kichujio cha maji. Julai ile ya baridi utaelewa kwa nini rangi inatema matone. Eabrashi ya bei ya chini unaweza kuibadilisha mwakani, ukabaki na kompresa ileile.

Kuna fundi atakwambia ung'oe kompresa ya friji. Kusema ukweli ni wazo zuri: ni kimya, na kwa ghorofa ya kuta nyembamba kimya ni mali. Lakini inatema mafuta, kwa hivyo kichujio ni lazima, na usikubali tangi la kuchomelewa pale kando ya barabara. Likipasuka, linapasukia usoni.

Rangi, tumia akriliki ya maji. Ile ya magari ya kuchanganya na hadna iache garage. Ndani ya bedsitter inaingia mapafuni, na barakoa ya hospitali haizuii mvuke wake. Hata akriliki, fungua dirisha.

Ya kwanza kuchora? Ile ya mtaa wenu iliyouzwa juzi, kabla wasahau namba ilikuwa rangi gani.