Vita ya Basanga juu ya Mwami Msiri

Mgeni akisikia jina la Sanga hapa Kamina, huweza kuuliza kama sisi ndio wale Basanga waliompinga Msiri kule Bunkeya. Sivyo, hapa ni nchi ya Baluba. Walakini habari ile inatugusa. Reli imekusanya watu wengi katika mji huu, nao Basanga, Bayeke na Baluba husali pamoja, huku kila mmoja ameisikia nyumbani kwake kwa namna yake. Kwa hiyo tumeona vema kuiandika katika kitabu hiki cha jubilei.

Tangu zamani wakubwa wa Basanga walikuwa wenye nchi ile, wenye machimbo ya shaba na chumvi ya Mwashya. Wafalme wa Baluba nao walidai mulambo upande huo. Basi katikati ya karne ya 19 alifika Ngelengwa, mwana wa Kalasa, mfanya biashara kutoka Unyamwezi, pamoja na watu wenye bunduki. Baba yake alikuwa amekwisha kuijua njia kwa sababu ya shaba. Wakubwa wa Basanga hawakumfukuza, kwa maana bunduki zake ziliwafaa mbele ya adui zao, nao Baluba walikuwa miongoni mwa adui hao. (Wazee wetu hawapendi kukumbushwa jambo hili.) Yule mgeni akawa rafiki, kisha akawa Mwami. Ndiye Msiri.

Mji wake wa Bunkeya ukawa mkubwa sana. Wafanya biashara walitoka Benguela upande wa magharibi, wengine pwani ya mashariki, wakachukua pembe, shaba na watumwa, wakaacha baruti na nguo. Mmisionari Mprotestanti Arnot alipofika Februari 1886, utawala wa Msiri ulikuwa wa kuogopwa. Wageni Wazungu wameandika juu ya mafuvu ya watu yaliyotundikwa mjini. Wakubwa wa Basanga, waliomfungulia mlango, sasa walikuwa watu wa kumletea mulambo.

Kisha mwanamke wa Kisanga, jina lake Masengo, akauawa na watu wa Mwami. Hasira ya miaka mingi ikawaka. Wakubwa waliinuka, na Mulowanyama ndiye aliyejulikana zaidi kati yao. Hawakuweza kuutwaa mji wa Bunkeya, lakini walifunga njia na kushambulia vijiji. Chakula kikapungua, baruti nayo ikapungua. Ufalme haukuanguka, ulikonda tu.

Ndipo wakaja wengine. Aprili 1891 alifika Paul Le Marinel, mtu wa serikali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye wazee walisema ni serikali ya Bula Matari. Aliacha posta karibu na mto Lofoi. Mwezi wa Oktoba akaja Delcommune. Tarehe 14 Desemba akaja Kapiteni Stairs, aliyetumwa na Kampuni ya Katanga. Msiri alikataa kuipokea bendera yao, na tarehe 20 Desemba 1891 Kapiteni Bodson alimpiga bunduki akafa. Bodson naye aliuawa.

Je, Basanga walishinda? Stairs aliwarudisha wakubwa wao wengine katika viti walivyonyang'anywa na Msiri. Lakini mwana wa Msiri, Mukanda-Bantu, alitambuliwa kuwa Mwami juu ya nchi iliyopunguzwa, na juu ya wote ikapandishwa bendera ya Bula Matari. Njaa ya vita haikuchagua mtu: Bayeke, Basanga na wapagazi wa Stairs, wote iliwapata. Kwa maoni yetu Basanga hawakukosa ushujaa. Walimchosha Mwami, nao wakachoka pamoja naye, saa ileile mgeni wa tatu alipokuwa njiani.

Bayeke wakahamia karibu na posta ya Lofoi, wakawa askari wa kusaidia serikali mpya. Mulowanyama hakutii. Karibu na mwisho wa karne ile majeshi ya serikali, yakiongozwa na Verdick, yalimfuata hata pangoni alimokimbilia pamoja na watu wake, wanawake na watoto wakiwamo. Pango likazingirwa. Wengi hawakutoka tena.

Mwaka 1906 ilianzishwa Union Minière, na shaba ya milima ile ikapata bwana mwingine. Mukanda-Bantu alikufa mwaka 1910. Kabla ya kufa alisimulia habari za maisha yake, zikaandikwa na kupigwa chapa, nasi tunazo hata leo. Mulowanyama hakuacha karatasi. Tumewahi kuwasikiliza wazee wa pande zote mbili: yule wa Bayeke alianza habari yake kwa Kalasa na safari za shaba, yule wa Basanga alinyamaza kwanza, halafu akalitaja jina la Masengo.