Homoni ya giza

Mwaka 1917, watafiti wa Marekani waliwalisha viluwiluwi tezi ya pineali ya ng'ombe. Ngozi za viluwiluwi hao zikapauka. Aaron Lerner wa Yale, daktari wa ngozi, alifuata dalili hiyo akitafuta tiba ya mbalanga, na mwaka 1958 akatangaza melatonini, homoni ya tezi hiyo. Mbalanga haikupona. Usingizi ndio ulionufaika.

Nchini Marekani, sheria ya 1994 iliruhusu melatonini iuzwe kama kirutubisho, bila cheti cha daktari. Richard Wurtman wa MIT alionyesha kuwa miligramu 0.3 zaweza kutosha kuleta usingizi; madukani vikajaa vidonge vya 3, 5, hata 10.

Cha kusikitisha zaidi, vipimo vya bidhaa 31 nchini Kanada, vilivyochapishwa 2017, vilikuta kiasi halisi kikiwa pungufu ya kilichoandikwa kwenye lebo kwa hadi asilimia 83, au kukizidi kwa hadi asilimia 478.